Pingu za Meli Iliyotekwa

Maharamia wenye kibali cha mfalme wao waliiteka meli ya watumwa, wakaileta bandarini. Asubuhi wakamwita Mbaruku, mhunzi wa mji, azikate pingu za mateka, kwa kuwa zilikuwa na chapa ya mwenye meli wa zamani.

Alikata mpaka jua likawa utosini na mikono ikafa ganzi. Wa mwisho alikuwa mwanamke wa makamo aliyeitwa Nambunga. Alikaa chini bila kuambiwa, akanyoosha miguu kama mtu aliyekwisha kuzoea.

"Baba, sasa tunarudi kwetu?" aliuliza pingu zilipoanguka.

Mbaruku alikuwa ameagizwa afue pingu nyingine, zenye chapa mpya, kabla ya alasiri. Alitaka kunyamaza, akashindwa.

"Hapana, mama. Mmebadilishiwa bwana tu."

Nambunga hakulia. Alishusha pumzi, akasema, "Basi nipe maji ninawe miguu. Madonda yananiuma."

Mhunzi akamsogezea beseni la kupozea chuma. Kisha, badala ya kurudi kwenye mivukuto ya kupulizia moto, akakaa kando yake. Makaa yakaanza kufanya majivu.

Alasiri baharia mmoja akaja, upanga kiunoni.

"Pingu ziko wapi?"

"Moto umezimika," alijibu Mbaruku.

"Uwashe."

Mbaruku hakuinuka. Baharia akashika mpini wa upanga. Nambunga aliendelea kusugua vifundo vya miguu, polepole, na maji yakazidi kugeuka rangi ya kutu.