Kabichi Arobaini

Magreth aliokota kiwavi wa mia mbili, akamtia kwenye kopo pamoja na wenzake. Hakuua hata mmoja.

Alikuwa akiwafuga. Sukuma wiki yote ya nyuma ya nyumba aliiacha iliwe, hakupiga dawa wala kumwaga majivu, ili wanenepe. Majirani pale Uru walipopita njiani walimpa pole. Wangejua!

Mwaka jana alipanda kabichi za kulisha wageni kwenye misa ya kumkumbuka marehemu mumewe. Jirani yake Zita naye alikuwa na zake, akaziacha zioze shambani bila hata kuzitazama. Viwavi wakazaliana humo, wakazimaliza, kisha wakavuka uzio wa mimea ya masale na kula za Magreth mpaka mashina. Mashemeji wakala ndizi na nyama bila mboga, wakaondoka wakimsema njia nzima. Zita hakusema hata pole. Basi, mwenye kovu usidhani kapoa.

Mwaka huu Zita alipanda kabichi arobaini. Mwanamke anaishi peke yake, watoto wote wameshaondoka, kabichi arobaini za nini? Za kumringia Magreth tu. Alizifunika kwa chandarua, akakikandamiza kwa mawe pembeni, akazimwagilia asubuhi na jioni, akazikagua jani kwa jani.

Siku moja alisogea kwenye uzio. "Mama Joyness, kipaimara cha mtoto ni lini?"

"Jumapili ya mwisho wa mwezi. Kwani unataka kuja kuhesabu sahani zangu?"

Zita akarudi kwenye kabichi zake.

Wiki iliyofuata alikwenda Himo kumuuguza binti yake. Jioni ileile Magreth akavuka masale na kopo lake. Akainua ukingo wa chandarua, akawamimina, akarudishia mawe vizuri ili ndege wasije wakawasumbua.

"Kuleni," akawaambia. "Kuleni mshibe."

Kesho yake akapeleka kopo la pili, na keshokutwa la tatu. Kufikia Jumamosi, chini ya kile chandarua palikuwa na mashina na mishipa ya majani tu. Tangu afiwe, Magreth hakuwahi kulala usingizi mtamu kama huo.

Lilibaki jambo moja. Zita akigundua, angemshtaki. Lakini Uchaggani ukiletewa jani la sale, hukatai. Unapokea, unasamehe, na kosa halitajwi tena. Kwa hiyo Jumapili, Zita aliposhuka kwenye gari la Himo, alimkuta Magreth mlangoni kwake na jani mkononi. Pembeni alisimama mzee Ildefonce, mjumbe wao, aliyeitwa awe shahidi.

Zita alimwamkia mzee, kisha akamgeukia Magreth.

"Mama Gladness, nimekukosea," Magreth alisema. "Naomba unisamehe."

Kosa hakulitaja. Zita aliweka mkoba chini, akalipokea jani kwa mikono miwili, machozi yakimlengalenga. Magreth aliuma mdomo ili asicheke.

"Nimekusamehe," Zita alisema. "Wala sitakuuliza ni kosa gani. Mzee, wewe umesikia."

"Nimesikia," alijibu Ildefonce.

Ndipo Zita akaenda kwenye uzio, akachuma jani jingine, akarudi nalo.

"Na wewe pokea langu, Mama Joyness. Mwaka jana nilikuaibisha mbele ya mashemeji zako. Mwaka mzima nilikosa mdomo wa kukuambia. Nikasema, ngoja nilime kwanza, ndipo niseme."

Magreth alipokea. Angefanyaje? Sale halikataliwi.

Zita aliingia ndani, akatoka na kisu na magunia mawili matupu, uso umemchangamka.

"Kipaimara si ndiyo Jumapili ijayo? Zile kabichi ni za Joyness, zote arobaini. Mzee atatusaidia kubeba."

Zita alikuwa ameshafika bustanini, ameinama, anaondoa mawe kwenye ukingo wa chandarua.