Inua Ulimi

Shuka zilikuwa nyeupe, lakini mgonjwa alishikilia kuwa ni za njano. Hata koti la daktari aliliona la njano. Kisha akatapika, macho yakamlegea.

"Anatumia dawa ya moyo?" daktari aliuliza huku akitazama mashine. Mapigo yalikuwa thelathini na tano.

"Anatumia," alijibu mkamwana wa mgonjwa. "Kliniki walimwongezea dozi, wakamwongezea tena. Moyo ulikuwa hautulii hata kidogo."

Nesi alichoma sindano ya kupandisha mapigo. Yakapanda kidogo, yakashuka. Damu ikapelekwa maabara mbio.

Binti wa mgonjwa, mwalimu mkuu aliyekuja likizo, hakuweza kukaa. Alikwenda dirishani, akarudi, akanyoosha pazia lililokuwa limenyooka.

Majibu yakaja: dawa ya moyo ilikuwa imezidi katika damu maradufu. Daktari akaagiza dawa ya kuondoa sumu.

"Nani humpa vidonge?"

"Huyu." Binti alimnyooshea mkamwana kidole. "Mwaka mzima ni huyu. Nilipofika wiki iliyopita nikasema hapana, nitasimamia mwenyewe. Kidonge, maji, fungua mdomo, inua ulimi. Kama ninavyowakagua watoto wa bweni. Hakikuzidi hata kimoja."

Daktari alimimina vidonge vya kichupa kiganjani, akavihesabu. Hesabu ilikuwa sawa.

"Basi amesaga vingine akatia kwenye uji," binti alisema. "Kikulacho ki nguoni mwako."

"Wifi, mama namwogesha mimi, namlisha mimi. Ningetaka kumuua, ningengoja uje kushuhudia?"

"Usiniite wifi. Hayo utawaeleza polisi."

Akapiga. Simu ya kituo ilikuwa inatumika. Akapiga tena, huku akizunguka kitanda. Mkamwana alishika chuma cha kitanda kwa mikono miwili. Wanawe walikuwa kwa jirani, na hakuwa amewaaga.

Dawa ilishuka polepole katika mrija. Nesi alikuwa akiisoma mashine kwa sauti ya chini. Arobaini. Arobaini na tatu. Binti alipiga, akakata, akapiga. Daktari alimwomba akae, hakusikia. Hamsini na mbili.

Mgonjwa akafumbua macho. Aliomba maji, akasukutua, akamtafuta bintiye kwa macho.

"Nimewasikia. Mwache mke wa kaka yako."

"Mama, tulia. Huyu amekulisha sumu."

"Sumu gani? Vile vidonge ni vichungu, mwanangu. Yeye alikuwa akinigeuzia mgongo tu, navitema. Mwaka mzima. Wewe ndiye uliyeninyima nafasi."

Simu ikapokelewa mkononi mwa binti.

"Haloo, kituo cha polisi," sauti ilisema. "Mtuhumiwa mnaye hapo?"