Mzee Amoni Akataa Kufunguka

Mpaka Jumatano mchana, marehemu Mzee Amoni alikuwa anafungua mdomo bila kutoa sauti, na uso wake kwenye kompyuta ulikuwa wa kijani kama parachichi. Ijumaa saa tatu Baraza la Kata lilikuwa linakaa.

"Amebadilika," alisema mjane wake, Yustina.

"Si yeye, mama, ni mashine," alijibu Meshaki, mwenye chumba cha kompyuta hapo Tukuyu. "Jana hata hakufunguka. Leo kafunguka. Kesho ataongea."

CD ilibaki moja tu. Nyingine walimpa mtu aipeleke Mbeya ikashughulikiwe, ikapotelea huko, na yule mtu siku hizi akimwona Yustina anakatiza migombani. Tangu hapo CD haikutoka machoni mwa Yustina. Alikuja na ungo wake, akakaa ubavuni mwa kompyuta, anachambua maharage huku analinda.

"Itafungukia hapa hapa," Meshaki alimwapia.

Ndani ya CD Mzee Amoni alikuwa anasema nyumba yake ya mjini iwe ya nani. Alirekodiwa mwaka 2005, miezi miwili kabla ya kufa. Mtoto wake mkubwa, Rodrick, alishaliambia Baraza kwamba mzee hakuacha neno lolote, na mnunuzi wa nyumba alishampata. Mashahidi wa mdomo Baraza lilishawachoka, kila upande ulileta wake. "Tuoneshwe," alisema mwenyekiti, Mzee Ambilikile. Wasipooneshwa, Yustina angerudi kwao Kisondela na ungo wake.

Shida ni kwamba kamera ilikuwa ya kuazima. Kampuni iliyoitengeneza ilikuwa na programu yake ya kufungulia video, ya kununua, tena ya Windows mpya tu. Kompyuta za Meshaki zilikuwa za msaada, za zamani, zinatumia Linux, mfumo wa bure ambao mtu yeyote anaruhusiwa kuunakili na kuurekebisha. Kampuni haikuwa na habari na watu wa bure. Windows mpya Tukuyu nzima ilikuwa kwenye kompyuta mbili: moja ya ofisi ya serikali, ambayo hata kuifuta vumbi kunataka barua, na nyingine ya Rodrick.

Alhamisi asubuhi pikipiki ya Rodrick ilisimama mlangoni.

"Fundi wa vya bure! Bado unahangaika? Kwangu hiyo unabonyeza mara moja tu."

"Basi twende ukabonyeze."

"Mimi tena?" Rodrick alicheka, akaegemea mlango. "Sikiliza, mdogo wangu. Hiyo CD ikigoma, na wewe hukosi kitu. Ikiongea, mimi nitabaki na shamba langu la chai kule Suma. Wewe je? Utajitwisha hayo makompyuta kichwani uende nayo wapi?"

Yustina aliacha kuchambua. Alimwangalia Meshaki, si Rodrick.

"Nitajitwisha," alisema Meshaki. "Vitu vya bure vyepesi."

Rodrick alipoondoka, Meshaki alirudi kwenye intaneti ya waya wa simu. Kuna watu wa nchi za mbali, asiowajua hata kwa sura, walikuwa wameandika kipande cha programu cha kufungulia video za aina ile, wakakiachia bure. Nao walikuwa wamekataa kuambiwa kwamba maneno ya mtu yafunguliwe na kampuni moja tu. Kipande chenyewe kidogo, lakini waya wa Tukuyu ulikuwa unakileta kama mgonjwa anayepanda mlima. Kilifika asilimia tisini na nne, umeme ukakatika.

Meshaki alilitazama bati, mvua inapiga. Umeme uliporudi, akaanza upya.

"Huchoki?" Yustina aliuliza.

"Nimechoka tangu Jumatatu, mama. Nimekataa tu."

Saa kumi jioni kijani kikatoka usoni mwa Mzee Amoni, mashavu yakarudi yake. Akakohoa. Akasema, "Yustina, sogea hapa karibu."

Maharage yalimwagika chumba kizima.

Meshaki alisimamisha video. "Mengine kesho, mbele ya Baraza."

Yustina alipiga magoti, akaokota maharage moja moja, kwa muda mrefu. Kisha akasema bila kuinua kichwa, "Baba, tunaweza kusema imegoma. Mimi sitakulaumu."

"Haijagoma, mama."

Ijumaa wazee wa Baraza walijibana kwenye benchi la wateja, makoti yao yananuka mvua. Majirani walijaa dirishani. Rodrick alisimama nyuma, amekunja mikono. Meshaki alibonyeza.

Mzee Amoni alitokea kwenye kioo, amekaa kwenye kiti nje ya nyumba yake, blanketi mabegani.

"Nasema nikiwa na akili zangu," alisema. "Nyumba hii, pamoja na fremu zake za biashara, ni ya Yustina. Kanitunza miaka kumi na tisa. Asije mtu kumtoa. Rodrick nilishampa Suma, inamtosha."

Akanyoosha kidole, na kamera ikakifuata: ukuta wa tofali, dirisha la bluu, kibao cha KOMPYUTA kilichoandikwa kwa mkono juu ya mlango. Benchi zima likageuka kuutazama mlango walioingilia.

"Na hicho chumba kimo," aliendelea Mzee Amoni. "Yule mdogo nilimsomesha. Diploma ndiyo fungu lake, sina lingine la kumpa."

Picha ikaanza kutikisika. Mzee alitazama mbele moja kwa moja, akatabasamu.

"Meshaki mwanangu, usilie. Shika kamera vizuri."