Walioandikwa Mara Mbili

Kosa la kwanza asubuhi hiyo lilikuwa muuza mbuzi aitwaye Edouard. Alikuwa amekufa kwenye mstari wa 88, na mzima kwenye mstari wa 640 wa faili ile ile.

Bénédicte alipiga simu kituo cha afya, akaambiwa Edouard yupo, anakunywa uji. Akamfuta upande wa wafu, akaandika tena amri kwenye kidirisha cheusi cha kompyuta. Programu yenyewe, xmllint, haina picha wala vitufe. Unaipa faili na kanuni zake, inasoma mstari kwa mstari, kisha inakutajia ulipokosea bila kukuonea haya. Kanuni moja ilikuwa kali kuliko zote: mtu mmoja haandikwi mara mbili.

Siku nne kabla, kilima kilikuwa kimeporomoka juu ya soko moja huko Djugu, mvua ikinyesha. Miili ilitambuliwa kwa kadi za kupigia kura zilizokutwa mifukoni. Lakini watu wa soko huazimana makoti mvua inapoanza, na kadi hubaki ndani ya koti. Ndiyo maana kila kituo kilipotuma orodha yake ya walionusurika, na Bénédicte akaiongeza kwenye faili, makosa yalizuka.

"Liste ngapi iko inabakia?" aliuliza Dominique, mkuu wa ofisi.

"Trois, chef. Tatu tu."

"Midi, saa sita kamili, chumba cha maiti wanafunga, mama Béné. Bila liste ya kupita, hakuna familia itapewa mwili leo."

Alijua. Nje ya ukuta wa ofisi, hapo Bunia, watu walikuwa wameketi chini tangu alfajiri, wengine wamepakata mashuka ya kuzikia. Jua lilikuwa kali. Hata wenye pikipiki waliopita karibu na chumba cha maiti walifunika pua.

Orodha iliyofuata ilitoa makosa matano. Kwa kila kosa Dominique alitoka mlangoni, akaita jina la familia, na kilio cha furaha kikasikika uani. Mama mmoja alilitupa shuka lake chini akacheza juu yake. Orodha ya pili ikatoa kosa moja tu.

Dominique alianza kutabasamu. Bénédicte hakutabasamu. Aliikosea amri yenyewe mara mbili.

"Weye hata chai haujakunywa," Dominique alimwambia. "Pumzika kidogo, karibu tunamaliza."

"Liste ya Boga ilifika?"

"Boga? Mbali vile, nani anaweza kimbia mpaka Boga?"

"Tuulize tu, chef."

"Mama, saa tano na nusu ishapita. Ni ya mapadri tu inabakia, kisha fini."

Orodha ya mapadri ilikuwa na watu arobaini na mmoja waliokimbilia misheni. Bénédicte aliibandika polepole mno, mpaka Dominique akavuta kiti na kuketi nyuma yake, miguu ikimcheza kwa haraka. Aliandika amri. Akakaa kidole kikiwa juu ya kitufe, macho ameyafumba, midomo ikisogea bila sauti.

"Bonyeza, mama. Bwana Yesu iko anaona kazi yako."

Akabonyeza.

Hapakuwa na kosa hata moja. Faili halali, programu ilijibu. Dominique alimshika bega, akamshukuru mara tatu, akasema barua ya pongezi ataiandika mwenyewe. Akakimbilia simu kuwaambia watu wa chumba cha maiti wafungue milango.

Bénédicte aliandika amri ile ile tena. Halali. Akaandika tena, akisoma kila herufi. Halali.

"Ilishapita, mama Béné," Dominique alisema, simu ikiwa sikioni. "Unatafuta nini tena?"

Bénédicte aliiendesha amri mara ya nne. Mumewe alikuwa bado kwenye mstari wa 131, upande wa wafu, na hakuwa popote pengine.