Hodi ya Tatu

Ndani ya mchezo wa kompyuta, bibi kizee aliyejitanda ngozi ya mbuzi alisimama mlangoni. "Hodi," akasema. Vailet, aliyebaki peke yake nyumbani kwao Singe, aliijua sheria ya mchezo: ukimjibu, anaingia. Akabofya "Nyamaza."

"Hodi, mwanangu."

Sauti ilikwaruza kama jiwe la kusagia. Vailet akazima spika, akabofya tena.

"Hodi jamani! Humu ndani hamna watu?"

Tangu utotoni kule Mutuka alifundishwa kwamba mgeni haachwi nje. Mdomo ukaitangulia akili.

"Karibu!"

Ndipo akaitazama spika. Taa yake ilikuwa imezimika.

Nyuma yake, kitasa cha mlango wa jikoni kikazunguka taratibu.

"Asante, mwanangu."