Vyumba Viwili Sawa

Mjinga wa siku hiyo alikuwa Tuukka. Tuseme mapema, asije akasingiziwa mwingine.

Alikuwa amekaa mbele ya skrini nyeusi, vidole juu ya kibodi kama mpiga kinanda anayesubiri bibi harusi aingie kanisani. Nyuma yake Sirkka alikuwa akimimina kahawa. Theluji ya Tampere, huko Ufini, ilikuwa imekwisha kumeza nusu ya dirisha.

Wawili hawa walikuwa wakitengeneza gemu moja ya kompyuta tangu chuoni. Walilala njaa pamoja kwa ajili yake. Walipofika mwisho wa hadithi yake ndipo wakashindwa kuelewana, kila mmoja akatunga mwisho wake. Mchana huo kampuni ya kuuza gemu ingechagua mmoja, na jina la mtunzi wake ndilo lingekaa juu ya gemu.

"Ya nini kugombana?" Tuukka ndiye aliyetoa wazo. "Ile diski tupu naigawa vyumba viwili sawa, chako na changu. Tunawapelekea, wachague wenyewe."

Ndani ya kompyuta mlikuwa na diski tatu za kazi, za aina moja na ukubwa mmoja, huwezi kuzitofautisha ila kwa vibandiko vya majina vya nje. Kompyuta ilizipa herufi kwa kufuata tundu ulipochomekwa waya wa kila moja. B ilikuwa ile tupu, c ya Sirkka, d ya Tuukka.

"Kazi yako umeiwekea nakala pengine?" Tuukka aliuliza bila kugeuka.

"Wapi! Wewe je?"

"Mganga hajigangi, dada."

Wakacheka. Watu wote wa mtaa ule walikuwa wamechoka kuhubiriwa na hawa wawili habari za kuweka nakala.

"Basi angalia herufi," Sirkka akasema. "Ni b."

"Samaki unamfundisha kuogelea? Mimi nimeanza kuamrisha skrini hii wewe hujajua kuwasha kompyuta."

"Haya, samaki. Kahawa yako inapoa." Akaenda jikoni kutafuta mkate wa iliki.

Programu ya kugawia diski ina subira ya ajabu. Uiambie lolote, haigusi kitu mpaka ubonyeze w. Ukiingiwa na woga unabonyeza q, unatoka, hakuna aliyeumia. Tuukka alifuta mgawanyo wa zamani, akapima chumba cha kwanza, akapima cha pili. Akasita. Akautazama mlango wa jikoni. Akabonyeza w.

Kisha akaamuru vyumba vyote viwili vifomatiwe, kifutwe kila kilichokuwamo. Diski za siku hizi zikishafomatiwa hazitapiki kitu.

Alipomaliza alishusha pumzi, akanywa kahawa, akafungua diski yake anakili mwisho wake.

Akakuta farasi wa Sirkka. Daraja la Sirkka. Muziki wa Sirkka.

Akafunga, akafungua tena. Farasi walewale. Akapiga magoti chini ya meza, akafungua ubavu wa kompyuta, akazifuata nyaya kwa kidole. Waya wa diski yenye jina lake ulikuwa umechomekwa kwenye tundu lisilo lake.

"Sirkka! Umehamisha waya! Mwisho wangu umefutika wote!"

Sirkka alitokea mlangoni na sahani mkononi. Hakuonyesha kushtuka.

"Nimehamisha, ndiyo. Asubuhi, uliposhuka sauna kuoga mvuke."

"Na unasema hivihivi, bila haya? Nimekula nawe, nimelala sakafuni kwako, mama yako ananiita mwanangu! Kumbe kikulacho ki nguoni mwako. Msaliti mkubwa we!" Machozi yalikuwa yakimlenga, na hayakuwa ya uongo.

"Nimebadilishana yangu na yako tu. Ile tupu sikuigusa."

"Sasa hiyo inanisaidia nini? Umeniua, Sirkka! Umenitegea!"

Sirkka akaweka sahani mezani, akamega mkate, akautafuna taratibu mpaka ukaisha kinywani.

"Tulikubaliana ufute b, Tuukka. Huko kwenye c ulifuata nini?"