Shada la Mlangoni

Skolastika alifunga kimpira cha mwisho cha uzi wa sweta kwenye duara la waya, akalitundika mlangoni. Asubuhi ile mumewe, Deodati, alikuwa akipasuliwa moyo katika hospitali ya mbali. Skolastika alitaka akirudi nyumba impokee kwa rangi.

Jirani yake, Mama Yusta, alipoliona akajishika kichwa. "Uwii! Shemeji ametutoka saa ngapi?"

"Yu hai, dada! Hilo ni pambo."

"Pambo gani la duara? Hilo shada la kaburi. Unamchuria mumeo mwenyewe!"

Kuliondoa kulikuwa kuamini uchuro; kuliacha hakuweza. Skolastika akakata waya, akaunyoosha juu ya mlango usiwe duara tena. Kila kimpira alichogusa alisema, "Bwana, mrudishe Deodati," na nyuma yake Mama Yusta akaanza kuitikia.